Mwitu wa Wayoruba: imani ya zamani na mageuzi ya nyakati

Katika mapori ya Kongo unaota mti mkubwa ambao Waswahili wanauita mvule, na wauza mbao wanauita kambala. Mbao zake ni ngumu, mchwa hauziwezi upesi, na mafundi wanazipenda kwa milango na viti. Mti uleule, mbali kule upande wa magharibi, katika inchi ya Wayoruba, unaitwa iroko. Lakini Myoruba wa zamani hakuutazama iroko kama mbao tu. Mchana alipita mbele yake kwa heshima. Usiku hakupenda kupita kabisa, kwa maana ndani yake alikaa Oluwere, pepo mwenye mti. Fundi aliyetaka kuuangusha alitoa sadaka kwanza, akaomba ruhusa.

Leo iroko unaangushwa kwa msumeno wa mashini, bila sadaka na bila woga. Je, sisi wakristu tufurahi? Mtu mmoja atajibu: ndiyo, kwa maana pepo amefukuzwa. Mwingine atajibu: hapana, kwa maana mwitu unakwisha. Mimi naona majibu yote mawili ni ya haraka. Kwanza tuulize historia: mwitu ule ulikuwa nini kwa Wayoruba? Nani aliutoa woga wake? Na pahali pa woga ule, kitu gani kimewekwa? Maulizo haya ni ya Wayoruba, lakini kila padri na kila katekista anayefanya kazi karibu na kichaka cha mababu atayatambua.

I. INCHI NA WATU

Wayoruba wanakaa upande wa kusini-magharibi wa Nijeria, na wengine katika inchi ya Benin, iliyoitwa Dahomey mpaka mwaka 1975, tena katika Togo. Ni taifa kubwa, watu makumi ya milioni. Toka zamani walipenda kukaa katika miji mikubwa, kila mji na mfalme wake, na mashamba yao mbali na nyumba. Upande wa kaskazini inchi yao ni mbuga. Upande wa kusini ni mwitu mnene.

Tofauti hiyo ilitengeneza historia yao. Wafalme wa Oyo ya zamani walikuwa na askari wapanda farasi, wakatawala mbuga kwa nguvu. Lakini farasi haishi mwituni, sababu ya mbung'o, wala haiwezi kukimbia katikati ya miti. Kwa hiyo Waijebu na wengine wa mwituni hawakumezwa na Oyo. Mwitu ulikuwa ukuta wao.

Tena tusifikiri kwamba mwitu ule haukuguswa na mtu. Katika inchi ya Ijebu, chini ya miti, kuna handaki na boma la udongo linaloitwa Sungbo's Eredo, linalozunguka kadiri ya kilometa 160. Watu walilichimba zamani sana, kisha mwitu ukalifunika. Vilevile katika mji mtakatifu wa Ile-Ife kuna kichaka kinachoitwa Igbo Olokun. Wataalamu walipochimba pale walikuta vyungu vya kuyeyushia kioo na shanga nyingi, kazi ya mafundi wa kati ya karne ya 11 na ya 15. Mwaka 1910 Mjerumani Leo Frobenius alifika Ife, akaona kichwa cha shaba cha Olokun na sanamu nyingine, akashindwa kuamini kwamba ni kazi ya mababu wa watu wale; akazua habari za Wayunani waliopotea. Alikosa. Kichaka kilikuwa kimetunza ukweli kuliko kichwa cha mtaalamu. Hilo tulikumbuke: mara nyingi kichaka kitakatifu ni nyumba ya kumbukumbu za watu wasiokuwa na vitabu.

II. MWITU KATIKA IMANI YA MABABU

Wayoruba wa zamani walimjua Mungu Mkubwa, wakamwita Olodumare au Olorun, maana yake Mwenye mbingu. Lakini hawakumjengea nyumba nyingi za ibada. Ibada ya kila siku ilikwenda kwa orisha, watumishi wake wenye nguvu. Na ibada hiyo ilifanyika sana katika vichaka, ambavyo kwa lugha yao vinaitwa igbo. Walikuwa na kichaka cha Ifa, ambamo mwaguzi alifundishwa siri za kazi yake. Kichaka cha Egungun, ambamo walitoka wale waliovaa nguo za wafu. Na kichaka cha Oro, ambamo ubao uliofungwa kwa kamba ulizungushwa hewani, ukalia kama sauti ya mababu. Mwanamke aliyeona siri ya Oro aliweza kuuawa.

Mwitu mkubwa, nje ya vichaka hivyo, nao ulikuwa na wenyewe. Ogun, bwana wa chuma, alikuwa wa wawindaji na wapiga vita. Wawindaji walimsifu kwa nyimbo zinazoitwa ijala. Osanyin alikuwa bwana wa majani na dawa. Wanasimulia kwamba Osanyin alifungia majani yote katika kibuyu, akakitundika juu ya mti. Orisha wengine walinung'unika. Ndipo Oya, mwenye upepo, akapiga dhoruba. Kibuyu kikaanguka, majani yakatawanyika, kila orisha akaokota yake. Lakini maneno yanayoyapa majani nguvu yalibaki kwa Osanyin. Hadithi hii inaonyesha wazo lao: jani peke yake ni jani, dawa ni jani pamoja na neno.

Wako na wengine. Aroni ana mguu mmoja; mtu anayemkimbia anamla, lakini anayesimama bila kutetemeka anamfundisha dawa, kisha anamrudisha kwao. Egbere ni mfupi, anatembea akilia, amebeba mkeka wake; anayeweza kumnyang'anya mkeka huo atakuwa tajiri, kama ataweza kuvumilia kilio. Na abiku ni watoto wanaozaliwa na kufa, na kuzaliwa tena na kufa tena. Wenzao wanawangoja mwituni, chini ya mti mkubwa, na kuwaita warudi. Mama aliyezika watoto watatu au wanne hakuwa na maelezo mengine ya uchungu wake.

Mwisho kulikuwa na mwitu mbaya. Huko walitupwa waliokufa kifo kisichosemwa: wenye ndui, wenye ukoma, mwanamke aliyekufa na mimba. Hawakuzikwa nyumbani pamoja na mababu.

Basi, tukitazama kwa haki, tunaona mambo mawili yamefungwa pamoja. Kuna hekima: mwitu si mali ya mtu mmoja, usiingie bila adabu, usikate bila sababu, usiwinde mahali palipokatazwa. Tena kuna utumwa: woga wa usiku na mchana, siri iliyomwonea mwanamke, maiti iliyonyimwa kaburi, na katika miji fulani hata kafara ya mtu. Anayesifu hekima na kunyamaza juu ya utumwa anatudanganya. Anayelaani utumwa na kusahau hekima anatudanganya pia.

III. MWITU WA VITA

Watu wengi wanafikiri kwamba mageuzi yalianza siku alipofika mzungu. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 19 ufalme wa Oyo ulivunjika kwa magomvi ya ndani na kwa vita vya Wafulani kutoka kaskazini. Maelfu ya watu wa mbuga walikimbilia kusini, wakaingia mwituni. Miji mingi ya Waegba, iliyotawanyika katika mwitu wao, iliharibiwa. Mwaka 1830 waliobaki walikusanyika chini ya mwamba wa Olumo, wakajenga Abeokuta. Wakati uleule Ibadan ilianza kama kambi ya askari mpakani mwa mwitu, ikawa mji mkubwa. Vita havikuisha mpaka miaka ya mwisho ya karne ile. Vita vya Kiriji peke yake, kati ya Ibadan na Waekiti na wenzao, vilianza mwaka 1877.

Fikiri basi: mwitu uliokuwa nyumba ya mapepo ukawa nyumba ya wakimbizi. Mahali palipokatazwa pakawa njia ya wapiga vita na ya wauza watumwa. Kijana mmoja wa mji wa Osogun alikamatwa katika vita hivyo mwaka 1821, akauzwa, akapakiwa katika chombo cha Wareno, akaokolewa na manuwari ya Waingereza mwaka 1822, akapelekwa Freetown. Ndiye Samuel Ajayi Crowther, ambaye mwaka 1864 alifanywa askofu wa Waanglikana, mwafrika wa kwanza kupata cheo hicho kwao. Watu wale waliojifunza kwamba hatari kubwa ya mwituni si Aroni wala Egbere, bali mtu mwenye bunduki na kamba, imani yao ilikuwa imekwisha kutikisika kabla ya kusikia Injili.

IV. WAJUMBE WA INJILI

Waanglikana waliingia Abeokuta mwaka 1846. Crowther alikuwa mmoja wao. Biblia kamili katika Kiyoruba ilitoka mwaka 1884. Kwa jina la Mungu walichagua Olorun. Lakini kwa jina la Shetani walitumia Eshu, mjumbe mjanja kati ya orisha na watu, ambaye katika imani ya zamani hakuwa adui wa Mungu. Neno moja lililotafsiriwa kwa haraka lilitosha kuhukumu mambo mengi.

Wakatoliki wa kwanza wa Lagos hawakungoja padri. Walikuwa Wayoruba waliouzwa Brazil, wakabatizwa kule, kisha wakarudi kwao wakiwa huru. Kati yao alikuwamo mtu mmoja ambaye wote walimwita Pa Antonio. Hakuwa padri. Aliwakusanya watu katika kanisa dogo, akawafundisha sala, akawaongoza Jumapili. Padri Francesco Borghero, wa Shirika la Misioni za Afrika la Lyon, alifika Ouidah mwaka 1861. Mwaka 1863 alipotembelea Lagos alikuta kundi limekwisha kuwako. Padri wa kukaa alikuja mwaka 1868. Wakatekista wasome habari hii mara mbili: Eklezya ya Lagos ilianza kwa katekista.

Wamisioneri walifanya nini juu ya vichaka? Wengi walivikataa kabisa, na mara nyingine wabatizwa wapya wenyewe ndio walioshika shoka kwa bidii kuliko mzungu. Mwaka 1930 uamsho mkubwa ulianza katika Ilesa kwa mahubiri ya Joseph Ayo Babalola, aliyekuwa dereva wa mashini ya barabara. Watu kwa maelfu walichoma sanamu na hirizi zao. Huyu hakuwa mzungu wala mtumishi wa wazungu. Ni Wayoruba waliochoka na woga.

Sisi tuliosoma historia ya Eklezya tunakumbuka mambo yanayofanana. Karibu na mwaka 723 Mtakatifu Bonifasi aliukata mwaloni wa Geismar, uliotolewa kwa mungu wa radi wa Wajerumani, na kwa mbao zake akajenga kanisa la Mtakatifu Petro. Lakini kabla yake, mwaka 601, Papa Gregori Mkubwa alimwandikia Melito, aliyekuwa njiani kwenda Uingereza, kwamba nyumba za miungu zisibomolewe: sanamu zivunjwe, nyumba zinyunyiziwe maji ya baraka, zitumike kwa Mungu wa kweli. Eklezya imeshika shoka na maji ya baraka pamoja. Kazi ngumu ni kujua saa ya kimoja na saa ya kingine.

V. KAKAO, RELI NA MSUMENO

Sasa nafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilibadilisha mwitu kuliko mahubiri yote. Ni mti mdogo wa kigeni: kakao. Karibu na mwaka 1880 tajiri J. P. L. Davies alianza shamba la kakao katika Ijan, karibu na Agege, nyuma ya Lagos. Baadaye Jacob Kehinde Coker wa Agege alilima mashamba makubwa. Huyu alikuwa pia mkubwa mmoja wa African Church, kundi lililojitenga na Waanglikana mwaka 1901. Vijana wa mbali walikuja kufanya kazi kwake. Waliporudi kwao walichukua mbegu za kakao katika mfuko na mafundisho ya dini kichwani. Hivyo dini na kakao vilisafiri katika njia moja. Reli kutoka Lagos ilifika Ibadan mwaka 1901, na kakao ikapata mlango wa kwenda Ulaya.

Tuelewe namna kazi hii ilivyofanyika. Zamani mkulima alikata sehemu ya mwitu, akalima viazi vikuu miaka michache, akaiacha ardhi ipumzike. Mwitu ukarudi, na pamoja nao wanyama, dawa na hadithi. Lakini mkakao unazaa miaka mingi. Shamba lililopandwa kakao halirudi kuwa mwitu. Ardhi ikawa ya mtu fulani, ikarithiwa, ikagombaniwa mbele ya mahakimu. Miti mikubwa iliachwa hapa na pale kwa kivuli, na iroko mingi ilipona hivyo. Lakini ilipona kama mtumishi wa kakao. Baadaye walikuja watu wa mbao, nayo ikaanguka.

Serikali ya wakoloni nayo iliona hatari, ikaanza kutenga mwitu wa serikali. Mwitu wa Olokemeji, kati ya Abeokuta na Ibadan, ulitengwa mwaka 1899. Lakini angalieni tofauti. Mwitu wa mababu ulilindwa na woga wa watu wenyewe, bila askari. Mwitu wa serikali ulihitaji mlinzi mwenye mshahara, na mlinzi mwenye mshahara mdogo anaweza kufumba macho. Tena mahali pengi serikali ilikata miti ya kienyeji ikapanda mitiki ya Asia. Mtiki ni mti mzuri, lakini hauna hadithi katika Kiyoruba.

Haki inadai tuseme pia mema yaliyoletwa na nyakati mpya. Mwanzoni mwa karne ya 20 Dr Oguntola Sapara, mganga Myoruba aliyesoma Ulaya, alijiingiza kwa siri katika chama cha Sopona, orisha wa ndui, akagundua kwamba wakubwa wa chama wenyewe walieneza ugonjwa na kurithi mali ya wafu. Serikali ikakipiga chama hicho marufuku. Nani ataililia siri ya namna hiyo? Lakini wataalamu walipochunguza majani waliona vingine. Waganga wa Kiyoruba waliwatibu wenye wazimu kwa mzizi wa asofeyeje, na mwaka 1960 mganga wa akili Raymond Prince aliandika juu ya dawa hiyo katika gazeti la waganga wa Marekani: kweli ndani yake kuna nguvu ya kutuliza wazimu. Dr Thomas Adeoye Lambo, katika hospitali ya Aro, Abeokuta, toka mwaka 1954 aliwaweka wagonjwa wake katika vijiji vya jirani, akafanya kazi pamoja na waganga wa kienyeji. Siri ya Sopona na mzizi wa asofeyeje vilitoka katika mwitu uleule. Walimu wetu wa filozofia walitufundisha neno moja fupi kwa saa kama hii: distinguo.

VI. MWITU UNAINGIA KITABUNI

Mwitu ulipopungua inchini, uliota katika vitabu. Mwaka 1938 mwalimu mmoja mkristu, Daniel Fagunwa wa Oke-Igbo, alitoa kitabu cha kwanza kirefu cha hadithi katika Kiyoruba, juu ya mwindaji Akara-ogun na safari zake katika mwitu wa mapepo. Kilichapishwa na watu wa misioni ya Waanglikana, kikasomwa katika masomo na vizazi vya watoto. Mwaka 1968 Wole Soyinka alikitafsiri kwa Kiingereza. Amos Tutuola naye aliandika mwaka 1952 na 1954 vitabu viwili vilivyopeleka mapepo ya mwitu wa Kiyoruba hadi London. Na mwaka 1960, Nijeria ilipopata uhuru, Soyinka alitunga mchezo ambao ndani yake mababu wanaitwa mwituni, wakija si watukufu, bali watu walioonewa, wanaodai haki.

Ni jambo la kutafakari. Katika Fagunwa, mwitu ni mahali ambapo mtu anajaribiwa na kurudi mwenye akili, na jina la Mungu linatajwa mara kwa mara. Mkristu yule hakuabudu mapepo, wala hakuyafuta. Aliyaweka chini ya Mungu, yawafundishe watoto. Namna hiyo ya kufanya si mbali na mafundisho yetu.

VII. KICHAKA CHA OSOGBO

Kichaka kimoja kimebaki, nacho kinajulikana ulimwenguni. Ni kichaka cha Osun, kando ya mto wa jina hilo, katika mji wa Osogbo. Wanasimulia kwamba mwindaji Timehin na mfalme Larooye walikuja hapo kutafuta maji. Mti waliouangusha ulianguka mtoni, na sauti ya kike ikalia toka majini kwamba wamemvunjia vyungu vyake vya rangi. Wakaogopa, wakapatana na Osun: yeye awalinde, wao wamheshimu, wasijenge pale. Kila mwaka, mwezi wa Agosti, mfalme wa mji, anayeitwa Ataoja, na watu wake wanafanya upya agano lile, na msichana anayeitwa Arugba anabeba kibuyu kichwani mpaka mtoni.

Lakini miaka ya 1950 kichaka hicho kilikuwa karibu kufa. Makasisi wa orisha walipungua, watu waliwinda na kuvua ndani, mitiki ilipandwa, sanamu ziliibwa. Aliyekitetea ni mwanamke wa Austria, Susanne Wenger, mchongaji na mchoraji, aliyezaliwa Graz mwaka 1915 na kufika Nijeria mwaka 1950. Pamoja na mafundi wa Osogbo alitengeneza upya mahali pa ibada na kujenga sanamu kubwa, akawazuia wakata miti. Mwaka 1965 sehemu ya kichaka ilifanywa urithi wa taifa, na mwaka 2005 hektari 75 ziliandikwa na UNESCO katika urithi wa ulimwengu. Wenger alikufa Osogbo mwaka 2009.

Ndugu zangu, habari hii inanichoma. Mwanamke huyo aliingia katika ibada ya orisha, na hilo sisi hatuwezi kulisifu. Lakini swali linabaki. Mkristu wa Osogbo aliyebatizwa, aliyefundishwa kwamba Mungu ameumba miti na mito na kuona ni vyema, alikuwa wapi siku miti ile ilipokatwa? Kwa nini aliyesimama mbele ya shoka alikuwa yule aliyeamini kwamba mto ni mungu, na si yule aliyeamini kwamba mto ni kazi ya Mungu?

Hata sasa vita haijaisha. Upande wa juu wa mto watu wanachimba dhahabu, na maji yamekuwa ya rangi ya udongo. Mwaka 2022 serikali ya jimbo la Osun iliwaonya watu wasiyanywe. Mchimbaji huyo hamwogopi Osun. Ni wazi kwamba hamwogopi Mungu pia.

VIII. TUFANYE NINI?

Papa Pius XII, katika barua Evangelii Praecones ya mwaka 1951, alitumia mfano unaotufaa kabisa: Eklezya ikiingia katika inchi haifanyi kama mtu anayekata ovyo mwitu wenye uzima, inapandikiza tawi jema juu ya shina la mwituni, kusudi lizae matunda mazuri zaidi. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulisema mwaka 1965 kwamba Eklezya haikatai kitu chochote cha kweli na kitakatifu kilichomo katika dini nyingine. Na mwaka 2015 Papa Fransisko, katika Laudato si', alitaja bonde la Kongo pamoja na Amazonia kati ya mapafu ya dunia. Kwa hiyo shauri la iroko ni shauri la mvule wetu.

Katika inchi ya Wayoruba wenyewe kuna mfano wa kazi hii. Mwaka 1947, katika Oye-Ekiti, mapadri wa Shirika la Misioni za Afrika walifungua kazi ya uchongaji, na Padri Kevin Carroll aliiongoza kwa miaka. Waliwaita wachongaji wa kienyeji, kama George Bandele, mwana wa mchongaji mashuhuri Areogun, na kijana Lamidi Fakeye, aliyekuwa mwislamu. Wale waliojua kuchonga kwa ajili ya Ifa na Egungun walichonga milango ya makanisa na sanamu za Bikira Maria na za Mamajusi waliovaa kama wafalme wa Kiyoruba. Wengine walinung'unika kwamba ni kurudisha upagani. Lakini mti uleule wa mwituni, mkono uleule wa fundi, ulianza kumtumikia Kristu. Hapo tunaona tawi limepandikizwa, na shina halikung'olewa.

Mimi naona tofauti tatu. Kwanza, ibada ni ya Mungu peke yake. Anayepeleka kibuyu mtoni kuomba watoto kwa Osun amekosa, na tumwambie kwa upole, tukikumbuka uchungu wa mama wa abiku. Pili, woga ule wa utumwa uondoke. Hatuwezi kutamani urudi ili miti ipone. Mtoto wa Mungu halindi msitu kwa kuogopa pepo. Tatu, heshima isiondoke pamoja na woga. Hapa ndipo tulipokosa. Tulimwambia mtu: mwituni hamna kitu. Mfanyabiashara alisikia neno letu, akaongeza la kwake: kama hamna kitu, basi nikate. Tulipaswa kusema: mwituni mna kazi ya Mungu, na utatoa hesabu mbele yake.

Maandiko yanatusaidia. Abrahamu alipanda mti Beer-sheba, akaliita hapo jina la Mungu. Musa alivua viatu mbele ya kichaka kilichowaka. Sheria ya zamani iliwakataza askari kukata miti ya matunda hata wakati wa vita. Eklezya nayo ilikuwa na siku za Rogasyoni, ambazo padri na watu wake walizunguka mashamba wakiimba litania na kuomba baraka. Ni nani atatuzuia kuzunguka hivyo mpaka mwanzo wa mwitu wa parokia, na kuwaambia watu mbele ya miti yenyewe kwamba huyu ni kiumbe, tusimwabudu wala tusimwue bure?

Waseminari wanaokwenda likizo wanaweza kuanza na kazi ndogo: kuwauliza wazee majina ya miti na majani, sehemu zilizokatazwa na sababu zake, na kuyaandika. Wayoruba walibahatika kumpata mchungaji Samuel Johnson, aliyewauliza wazee na kumaliza historia ya taifa lake mwaka 1897. Hati yake ilipotea; ndugu yake akaiandika upya kwa maandishi yaliyobaki, ikachapwa mwaka 1921, miaka 20 baada ya kifo chake. Wazee wa kwetu hawatatungoja kadiri hiyo.